Maswali ya Gereji: Sensa ya Oksijeni, Mafuta na Nguvu ya Injini

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo linalofanana: kutumia sensa ya oksijeni kupanga mafuta ili injini itoe nguvu zake zote. Tumezijibu kwa mpangilio unaorahisisha usomaji, kwa hiyo anayeanza na ya tatu arudi kwanza kwenye ya kwanza.

SWALI: Habari za kazi mafundi. Nina Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, ya kabureta. Niliinunua Dar es Salaam, na tangu ifike Tabora imekuwa nzito, tena nikikanyaga sana inatoa moshi mweusi. Fundi mmoja ananiambia nichomelee kwenye egzosi sensa ya oksijeni iliyotolewa kwenye gari bovu, niunganishe na mita ya umeme, halafu nirekebishe kabureta mpaka mita isome volti 0.9. Eti hapo ndipo nguvu zote zilipo. Nimfuate? – Msomaji, Ng'ambo, Tabora.

JIBU: Usimfuate mpaka mwisho. Sensa hiyo itakufaa, lakini si kwa kazi anayokwambia.

Petroli na hewa huungua vikaisha pamoja pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo 1 ya petroli. Mafundi wa kompyuta hupaita hapo lamda 1. Lakini nguvu kubwa haiko hapo. Iko mafuta yakizidi kidogo, kati ya 12.5 na 13.0 kwa 1, sawa na lamda 0.85 hadi 0.88. Ndani ya silinda kitu adimu ni hewa, kwa kuwa mafuta unaweza kuongeza utakavyo ila hewa inaingia kwa kipimo cha injini. Hayo mafuta ya ziada yanahakikisha hakuna oksijeni inayotoka bila kutumika, na yanapoza chumba cha moto kidogo.

Sensa ya kawaida, yenye waya 1 hadi 4, ilitengenezwa kuiambia kompyuta jambo moja tu: tuko upande gani wa 14.7. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani mafuta kidogo, inatoa karibu volti 0.1, ukiwa mzito, yaani mafuta mengi, inatoa 0.8 hadi 0.9, na kati ya hizo, kwenye 0.45, inaruka ghafla. Ukishaingia upande mzito, volti karibu zinasimama. Kutoka 13.5 hadi 11.5 kwa 1 zinasogea sehemu chache tu za mia, na sensa ikipata moto zaidi au ikipoa kidogo, joto peke yake linaweza kuzisogeza zaidi ya hapo. Kwa hiyo 0.9 yako inaweza kuwa 12.8, na inaweza kuwa 11 ambapo petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mita haitakutofautishia.

Itumie kama mlinzi. Gari ikiwa imepata moto, ukanyage mpaka chini kwenye mlima: mita isishuke chini ya 0.8. Ikishuka, injini inakosa mafuta wakati inayahitaji kuliko wakati wowote, achia pedali. Tumia mita ya namba, si ya mshale, kwa sababu ya mshale inavuta umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa. Na ukumbuke sensa haisemi kweli mpaka ifikie nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ya waya 1, ikifungwa mbali na injini, hupoa kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, na kuanza kudanganya.

Sasa moshi wako. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 11 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta karibu kama zamani. Lakini piga hesabu. Uzito wa mchanganyiko hubadilika kwa kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, kwa hiyo kabureta iliyokuwa ikitoa 12.8 pwani itatoa karibu 12.1 Tabora. Hiyo ni asilimia 6 tu. Haitoshi kuleta moshi mweusi, moshi huo huanza kuonekana mafuta yakizidi sana ya hapo. Maana yake kuna ubovu mwingine ambao mwinuko umeufichua, na ukianza kubadilisha jeti, kile kitundu kinachopima petroli ya kabureta, kabla ya kuutafuta utakuwa unaufunika.

Anza na choki: fungua ea klina, injini ikiwa ya moto, uone kama kibao chake cha kubana hewa kimesimama wima kabisa. Tazama na chujio lenyewe, vumbi la kiangazi cha Tabora linaliziba haraka, na kwenye kabureta chujio lililoziba linaongeza mafuta. Kisha floti, boya linalotawala usawa wa petroli ndani ya kabureta. Ikiwa imetoboka na kuingia petroli, au sindano yake imelika, usawa wa mafuta unapanda na kabureta inamwaga yenyewe hata kwenye sailensa. Mwisho angalia vali ya nguvu, ile inayofunguka unapokanyaga sana. Ikikwama wazi, gari linakunywa mafuta muda wote.

Ukishamaliza hayo ndipo ushike jeti. Kanuni yake: chukua upana wa tundu la sasa, zidisha kwa kipeuo cha pili cha uwiano uliopima ukigawanya kwa uwiano unaoutaka. Umepima 11.4 na unataka 12.8? 11.4 gawanya kwa 12.8 ni 0.89, kipeuo chake 0.94. Jeti ya milimita 1.10 inakuwa 1.04. Usipanue wala kupunguza tundu kwa kukisia na waya wa chuma, tundu likipoteza umbo la duara hesabu yote inakufa.

Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa nyepesi haitarudi kwa mafuta, hata ufanye nini. Unachorudisha ni ile iliyopotea kwa mafuta kuzidi.

SWALI: Mafundi, nimeagiza waidibendi, kile kipimo kinachosoma uwiano wa hewa na mafuta kwa namba, kutoka Dar, ina sensa ya waya 5 na kisanduku chake. Naifunga wapi? Hapa gereji kila mtu ana lake. – Dada fundi, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Dada, hongera, hicho ndicho kipimo chenyewe. Sensa ya waidibendi ina chumba kidogo cha ndani kinachosukumiwa oksijeni au kuondolewa, na kisanduku kinapima umeme uliotumika kusukuma. Ndiyo maana inasoma 12.8 kama 12.8.

Mahali: kati ya sentimita 60 na 100 kutoka kwenye kichwa cha injini, baada ya mabomba ya silinda zote kukutana, na kabla ya katalisti, yale mafundi wanayoita masega. Ukiiweka nyuma ya masega, unasoma hewa iliyokwisha kusafishwa. Ukiiweka karibu na mdomo wa egzosi, hewa ya nje inarudi ndani kwenye mizunguko midogo na mita inasoma wepesi usiokuwepo.

Toboa upande wa juu wa bomba, sensa ilale angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa ulalo. Usiiweke chini ya bomba kamwe. Injini ikiwaka asubuhi egzosi ina maji, na tone moja likigusa kauri iliyo kwenye nyuzi mia saba na kitu, inapasuka bila sauti na hutajua mpaka mita ianze kuchanganyikiwa.

Nati ya kuchomelea ni ya M18 kwa 1.5. Wakati wa kuchomelea skrubu ndani yake sensa iliyokufa ili uzi usipinde kwa joto; ile mpya iwe mezani kwenye boksi lake. Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Ukifunga, kaza kwa Newton mita 40 hadi 45, grisi ya kuzuia kukwama ikae kwenye uzi tu, isifike kwenye ncha.

Umeme uutoe kwenye waya unaowaka swichi ikiwashwa, na fyuzi ya ampea 5. Ardhi ya kisanduku ifungwe kwenye bloku ya injini, si kwenye bodi yenye rangi na kutu. Ukiwa na kompyuta inayopokea volti 0 hadi 5 kutoka kwenye kisanduku, ardhi zao zikutane mahali pamoja, la sivyo utaona 13.2 kwenye geji na 12.7 kwenye kompyuta, na utashinda siku nzima ukibishana na kitu ambacho hakipo.

Kama sensa yako ni ya Bosch LSU 4.2, iwashe kwanza ikiwa inaning'inia nje, penye hewa safi, kisanduku kijisawazishe. Si ndani ya gereji yenye gari lingine linalonguruma. LSU 4.9 haihitaji hivyo kwa kawaida, fuata karatasi ya kisanduku chako.

Mambo mawili ya mwisho. Sensa isikae kwenye egzosi injini ikiwaka huku haina umeme, inajaa masizi. Na ile gundi ya silikoni tunayopaka mahali pa gasketi, mvuke wake unaiua sensa. Tumia ile iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa, na upake kidogo.

SWALI: Nina Corolla yenye 4A-GE na kompyuta ninayoipanga mwenyewe. Waidibendi inasoma 16 nikipiga resi, lakini plagi nyeusi na egzosi inanuka petroli. Naongeza mafuta, mita inazidi kupanda. Mita imekufa? – Kijana, Ujiji.

JIBU: Kijana wetu, acha kuongeza mafuta. Mita inaweza kuwa nzima kabisa.

Sensa haioni petroli, inaona oksijeni iliyobaki. Silinda moja ikimisi, hewa yake yote inatoka bila kuungua na petroli yake pia. Sensa inaona oksijeni tele na inasema mchanganyiko ni mwepesi. Wewe unaongeza mafuta, plagi inalowa zaidi, inamisi zaidi, na mita inapanda tena. Wengi wamemaliza seti ya plagi kwa mzunguko huo.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini namba yoyote, hakikisha injini haimisi. Chomoa soketi ya nozeli moja baada ya nyingine kwenye sailensa. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki ndiyo silinda yenye ugonjwa. Badilisha waya wa plagi na plagi ya silinda hiyo na jirani yake, uone kama ugonjwa unahama.

La pili ni tundu kwenye egzosi kabla ya sensa. Unaweza kudhani moshi utatoka tu, lakini kati ya pigo moja na jingine shinikizo ndani ya bomba hushuka na hewa ya nje inanyonywa ndani. Injini ikiwa bado ya baridi asubuhi, nyunyizia maji ya sabuni kwenye gasketi ya manifoldi na kwenye viungo, mapovu yatakuonyesha.

Sensa yenyewe unaipima kirahisi: itoe, iwashe ikiwa hewani. Mita isipogonga mwisho wake wa juu, hapo ndipo useme imekufa.

Yakishatulia hayo, panga hivi. Mtu mmoja aendeshe na mwingine asome. Tafuta mlima mrefu usio na watu, Kigoma hamkosi. Gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500, kanyaga mpaka chini na uandike namba kwenye 3,000, 4,000 na 5,000. Gesi inachukua muda kufika kwenye sensa, kwa hiyo usomaji wa sasa ni wa mafuta yaliyoungua kitambo kidogo nyuma. Injini ikipanda mizunguko haraka mno utarekebisha chumba kisicho chenyewe kwenye jedwali la mafuta la kompyuta. Ndiyo faida ya mlima, unaizuia isipande mbio.

Kisha zidisha namba ya jedwali kwa uwiano uliopima, ugawanye kwa unaoutaka. Kwenye 4,000 umesoma 13.8, unataka 12.8, na jedwali lina 72: 72 mara 13.8 gawanya kwa 12.8 ni 77.6. Weka hiyo, rudia mlima. Kawaida mara mbili tatu namba zinakaa. Ukiona 14 huku umekanyaga mpaka chini na injini inagonga, achia hapo hapo, pistoni haingoji umalize kusoma.

Usihangaike na sehemu za kumi. Kati ya 12.3 na 13.2 tofauti ya nguvu ni ndogo mno kuhisiwa na dereva. Ukishakuwa humo, muda uliobaki uutumie kwenye taimingi ya moto, huko ndiko kuna nguvu zaidi, na huko ndiko kuna hatari zaidi. Na mita ya egzosi inakupa wastani wa silinda nne: moja yenye nozeli iliyoziba inaweza kuwa 14.5 huku nyingine tatu zikiificha. Soma plagi zote nne, usisome geji tu.

SWALI: IST yangu ya teksi ina 1NZ-FE. Nimeambiwa nikiweka kizuizi cha umeme kwenye waya wa sensa ya oksijeni, kompyuta itadhani mafuta ni kidogo, itaongeza, na gari litapata nguvu. Ni kweli? – Dereva, stendi ya Tabora.

JIBU: Hapana. Ukiwa unatembea kawaida kompyuta inaisikiliza sensa ya mbele, kwa hiyo utafanikiwa kuidanganya ikunywe mafuta ambayo hayana kazi na kuchoma masega. Ukikanyaga mpaka chini, pale unapotaka nguvu, kompyuta haiifuati sensa hiyo. Inatumia jedwali lake la ndani. Umetumia pesa kwenye mahali pasipo na nguvu.

Chomeka kile kifaa kidogo cha ELM327 kwenye soketi ya uchunguzi na usome masahihisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, mafuta yako sawa. Yakizidi 15 upande wa kuongeza, tafuta hewa inayovuja baada ya kipimo cha hewa, au kipimo chenyewe kilichoshika vumbi. Kile kiwaya chembamba kikifunikwa na vumbi kinahesabu hewa pungufu, na hapo kompyuta inatoa mafuta pungufu hata ukikanyaga mpaka chini. Kisafishe kwa dawa yake maalumu, si ile ya kabureta, kikauke kabla ya kurudisha. Bado? Pima shinikizo la pampu: kwa injini hiyo liwe kPa 304 hadi 343.

SWALI: Bodaboda inaweza kupangwa kwa waidibendi? Nabeba mizigo kupanda Kasulu na pikipiki inachoka. – Kigoma.

JIBU: Inaweza, na si lazima ununue yako, moja ya gereji inatosha kijiwe kizima. Chomelea nati kwenye bomba sentimita 25 hadi 30 kutoka kichwani, ukimaliza kupima unaifunga kwa bolti. Karibu zaidi ya hapo sensa inaungua, na mbali zaidi egzosi fupi inarudisha hewa. Sensa ikipasha moto inaweza kuvuta ampea 2 hadi 3, kwa hiyo betri iwe nzima, au beba nyingine.

Bandika utepe kwenye mshiko wa resi na uchore robo, nusu na robo tatu. Mpaka robo, anayetawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka na resi, si ya floti. Kama ina mifereji ya klipu, kushusha klipu kunainua sindano na kuongeza mafuta. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Anza na kubwa, kwa sababu inagusa kidogo na hizo nyingine. Kwa mzigo na mlima lenga 12.8, kwa kutembea tambarare 14 hadi 15 inaokoa petroli.

Na kumbuka kupanda kutoka ziwani, karibu mita 770, kila mwinuko unaongeza uzito wa mchanganyiko wenyewe. Pikipiki iliyopangwa 12.8 bandarini itakuwa nzito kidogo juu, na hiyo ni afadhali kuliko kinyume chake. Ukipangia juu ukashuka chini na mzigo, inakuwa nyepesi.

Huna waidibendi kabisa? Pima muda. Mlima uleule, mzigo uleule, gia ileile, kutoka kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Punguza jeti kubwa saizi moja moja mpaka muda uanze kuongezeka, kisha rudi saizi moja nyuma.

SWALI: Na injini za boti? Tuna za viharusi viwili, nguvu farasi 40. – Mvuvi, Kibirizi, Kigoma.

JIBU: Sensa iache. Oili inayoungua na petroli inaipaka na kuiua, egzosi inachanganyika na maji ya kupoza, na kwenye viharusi viwili sehemu ya hewa mbichi inapita moja kwa moja kwenda nje bila kuungua, hivyo namba ingekuwa ya uongo hata sensa ikipona. Tumia plagi mpya: endesha kwa resi kamili dakika mbili tatu mkiwa mbali na boti nyingine, zima hapo hapo bila kurudisha kwenye sailensa, na uitoe. Kahawia ni sawa, nyeusi yenye unyevu punguza jeti, nyeupe kavu ongeza jeti kabla hamjatoka tena.